Siku Nilipopatanishwa na Damu Yangu

Kwenye kituo cha afya tulichokuwa tunakwenda kupimia mimba, kule Kadutu, lile neno la aibu halikutamkwa hata siku moja. Mufirmie, muuguzi wa pale, alikuwa akitokea mlangoni baada ya kusoma majibu ya damu, anatupa macho kwenye mabenchi, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa: «Wewe pale, Jumatano inayokuja, kuya na bwana yako.» Basi, hakuongeza kitu. Lakini kila mwanamke aliyekaa pale alijua maana yake. Damu yako imeonyesha kaswende, na mmoja kati yenu wawili ametoka nje ya ndoa.

Siku nilipoambiwa mimi, mwanamke aliyekuwa ameniegemea bega tukipiga domo alikumbuka ghafla kwamba upande ule kuna upepo, akahamia benchi lingine. Upepo gani, na chumba chenyewe hakina dirisha? Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikamwambia ajifunike kitenge vizuri asije akapata mafua. Hapo wakajua wote kwamba nina ugonjwa, na nina mdomo pia.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati bado tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na wanaume wa ofisi wanavaa abakosti, ile suti isiyo na tai, hata kwenye joto la Kamanyola. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu, shule ya msingi. Bwana yangu alikuwa karani kwenye ofisi ya kampuni ya chai, na Jumapili aliimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya ya parokia. Mwanaume mpole, mpole hadi anaudhi. Mbwa wa jirani akimbwekea, yeye ndiye anayeomba msamaha.

Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba damu yako imekutwa na kaswende? Nilimwambia hivyo hivyo, nikiwa bado sijavua viatu. Akanitazama. Nikamtazama. Tulikaa pale sebuleni kila mmoja akimngoja mwenzake aungame, na hakuna aliyeungama, kwa sababu hakuna aliyekuwa na cha kuungama. Mwishowe alisema polepole: «Basi twende wote.» Tukaenda, akapimwa, damu yake ikakutwa safi. Kuanzia siku hiyo macho yote yakanigeukia mimi.

Niseme tangu hapa kwamba ile ilikuwa mimba yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizipoteza, kila moja katika mwezi wa tano au wa sita, wakati tumbo limeshaonekana na wamama wa parokia wameshaanza kunichagulia nguo za mtoto. Kwa hiyo walipogundua kaswende, walifurahi kidogo pale kituoni, maana walidhani sasa wamejua kinachoua watoto wangu. Wakanidunga penisilini. Wale waliopata kudungwa sindano ile wanajua: haukai kitako. Nilifundisha nimesimama kutwa nzima, na watoto wa darasa langu wakaamini mwalimu amekuwa mkali zaidi ya zamani, wakatulia kama wako kanisani. Sijapata tena darasa lenye nidhamu vile.

Na mimba ya tatu ikatoka vilevile. Nililia hadi sauti ikakauka. Nilikuwa nimeshaamini sindano zile, nimezivumilia, nimetukanwa kwa macho kwa ajili yazo, na mtoto hakubaki.

Waliponipima tena, damu ikaonyesha kaswende ileile. Wakanidunga tena. Bado. Mufirmie alianza kunitazama kama mwanafunzi anayerudia mwaka, kisha akaanza kunihurumia, nami sijui kipi kiliniudhi zaidi. Nilimwapia kwa Mungu kwamba sijamjua mwanaume mwingine. Alijibu, «Ndiyo, maman,» vile wanavyojibu wagonjwa wote.

Ndipo mama mukwe akashuka kutoka kijijini Walungu.

Alifika na kikapu cha maharagwe, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mpango. Mama huyu hakuzunguka maneno. Alikula, akanawa mikono, akaniambia mimi mukazana, mke wa mwanawe, nikiwa nimekaa mbele yake: «Mukazana, mi siko na ubaya na wewe. Unapika muzuri, unaheshimu batu. Lakini mwana wangu iko peke yake, sikuzaa kijana mwingine. Kama tumbo yako inakataa batoto, wazee batakaa, watasema aoe bibi mwingine.» Bwana yangu alikuwa palepale mezani. Aliinamia sahani yake akaendelea kutafuta mfupa kwenye samaki ambaye hakuwa na mfupa. Huko kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno ya mama.

«Maman,» nikasema, «wazee wangojee kidogo. Niko na mimba tena.»

Hata bwana yangu alikuwa hajui. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa utulivu, siku nzuri, labda tukitembea kando ya ziwa. Badala yake nilimtupia habari pale juu ya bugali na mboga ya sombe. Mama mukwe akanitazama tumbo, akatazama kuku wake kwenye kona, akasema: «Basi nitabaki nione mwisho.» Nilijua wazi mwisho wenyewe ni nini. Mtoto huyu akikaa, nami nitakaa. Akitoka, nitarudi kwa baba yangu, kule Mudaka, na nguo zangu na jina la mwanamke mchafu.

Mufirmie wa kituo, aliponiona nimerudi na mimba ya nne, hakunidunga. Nadhani alikuwa amechoka kunitoboa. Alinituma kwa munganga, daktari mmoja kijana aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo, kwenye hospitali kubwa. Mama mukwe akasema anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Tukaingia watatu: mimi, bwana yangu na mama na kikapu chake, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote wa mjini kumchungia kikapu.

Munganga aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimba zilitoka mwezi gani? Je, mguu uliwahi kuvimba? Nikasema ndiyo, wa kushoto, baada ya mimba ya pili, uliuma hadi nikashindwa kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, na chefu wa avenue akaniita mvivu. Bwana amepimwa? Amepimwa, yuko safi. Alitabasamu, na mimi nikataka kumzaba kibao, maana sikuona cha kuchekesha.

«Maman,» akaniambia, «naona hauko na kaswende. Pengine haujapata kuwa nayo hata siku moja.»

Mkono uliotaka kumzaba niliurudisha mapajani. Watu walionijua wakati ule wangekuambia hilo halikuwa jambo dogo.

Akatueleza kwa Kiswahili, bila haraka, ingawa foleni nje ilikuwa ndefu. Mwili una walinzi wake. Kwa Kifaransa wanaitwa anticorps, na siku hizi naona vitabu vya Kiswahili vinawaita kingamwili. Kazi yao ni kupiga magonjwa yanayoingia. Sasa kile kipimo cha kituoni hakitafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta walinzi wa aina fulani ambao mwili huwatoa mdudu huyo akiingia. «Wewe uko na walinzi wenye uniforme ileile,» alisema, «lakini hawakutoka kwa sababu ya kaswende. Wametoka bure. Wanapiga mwili wao wenyewe. Wanafanya damu igande mahali haitakiwi, hata pale kwenye kondo linalomlisha mtoto. Njia inaziba, chakula hakipiti.»

Jamani, sisi watu wa Zaire hatukuhitaji mchoro. Askari anayesimama kwenye barrière, kile kizuizi cha njiani, na kumkamata mwenye nyumba akirudi kwake, nani hakumjua? Nilielewa palepale. Nilijisikia mwepesi hadi nikataka kucheka, halafu hasira ikanipanda, nikakumbuka kila sindano na kila jicho la kwenye benchi. Bwana yangu alinishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Munganga alichukua damu ili airushe kwa avioni hadi mahali penye kipimo kinachokata maneno. Jibu lilirudi baadaye sana, likasema alivyosema yeye. Lakini hakungoja jibu. Alisema nianze dawa siku hiyohiyo, nami nikajiandaa kusikia jina refu la kuvunja ulimi. Akasema: aspirini. Kipande kidogo, kila siku, ili damu isigande ovyo. Aspirini ya kichwa, ile wanayouza kila mahali Kadutu! Nilimuuliza mara mbili. Alisema pia kwamba dawa hiyo inasaidia wanawake wengi lakini si wote, nipumzike, nije kupimwa tansio, presha ya damu, bila kukosa, na hawezi kuniahidi kitu. Hilo nililisikia vizuri kuliko yote.

Tulipokuwa tunasimama, mama mukwe akauliza: «Munganga, ni kusema damu yake ilikasirika?»

Munganga alitazama mlango, watu wanagonga. «Unaweza kusema hivyo, maman.»

«Ilikasirikia nani?»

«Yeye mwenyewe.»

Mama akaitikia kwa kichwa, akachukua kikapu chake. Maskini munganga, hakujua amewasha moto gani.

Kwetu Bushi, watu wawili waliochukiana wakitaka kupatana wanawekewa kibuyu kimoja cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mirija miwili. Wanainama pamoja, vichwa vinagusana. Lakini kabla ya kunywa, kila mmoja anasema linalomuuma, lote, na mwenzake haruhusiwi kumkata. Ukinywa kabla ya kusema, haihesabiki. Mama mukwe alipanda gari kurudi Walungu, nikadhani amekwenda kuwapelekea wazee habari. Siku mbili baadaye alirudi na kibuyu kichwani. Alisafisha meza, akachomeka mirija miwili, akaniambia nikae.

«Maman, tunapatanisha nani?»

«Wewe na damu yako.»

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Yeye alikuwa amemsikia munganga vizuri kabisa: damu imemkasirikia mwenye damu. Basi wakae chini, damu iseme imekosewa nini, waombane msamaha, walinzi warudi kambini. Kwa akili yake, aspirini ilikuwa sawa, tena nzuri, lakini dawa bila mapatano ilikuwa kazi ya nusu. Nikamwambia damu haina mdomo. Alikuwa amelifikiria hilo pia. «Bwana yako atasema kwa jina ya damu. Iko mutu ya ofisi, anajua kusemea wengine.»

Bwana yangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, na abakosti yake, na uchovu wake. Nilitegemea atakataa. Wapi. Alivuta kiti, akafunga kifungo cha shingoni, akakohoa kidogo, akaanza na ile sauti ya kwaya inayotoka chini ya sakafu: «Citoyenne, mimi ni damu yako.»

Nilicheka hadi nikajishika tumbo. Hata mama aliuma midomo. Akatuonya sote kwa kidole, tukatulia, na bwana yangu akaendelea. Mwanzoni alikuwa anacheza. Damu ililalamika kwamba inapandishwa ngazi za Kadutu kila siku bila kupumzishwa. Damu ililalamika kwamba mwenyewe anagombana na jirani kabla ya kunywa chai. Nikawa najibu, namkata, mama ananikataza. Kisha sijui nini kilimpata. Sauti ilishuka.

«Nililalamika kwa sababu walisema mimi ni mchafu,» akasema. «Walinichukua, wakanipima, wakasema nimetembea ovyo. Mimi sikutoka hata siku moja. Watu walinitazama, na mtu wangu wa nyumbani alijua ni uongo, na hakusema kitu. Alitafuta mfupa kwenye samaki.»

Hakuna aliyecheka. Nilitazama mirija. Machozi yalikuwa yananitoka na nilichukia kutokwa machozi mbele ya mama mukwe, kwa hiyo nikakunja uso kama mtu mwenye hasira, na kweli nilikuwa nayo, hasira na furaha pamoja.

Mama mukwe akamsogeza mwanawe na kiwiko, akakaa yeye kwenye kiti cha damu.

«Kule Walungu,» akasema, «ni mimi njo nilisema. Kwenye soko. Nilisema mukazana yangu iko na ugonjwa ya aibu, njo maana hana mutoto. Nilisema kwa bamama wengi. Nitarudi kule nikaseme ingine.»

Sheria ni kwamba hujibu mpaka mwenzako amalize. Nilimngoja amalize, na alikuwa amemaliza. Nikasema langu nami, refu, na sikulipunguza. Nilimwambia nilivyojisikia usiku na mchana akinitazama. Nilimwambia mpango wake wa bibi mwingine niliuweka moyoni kama jiwe la kusagia. Aliitikia tu, «Eee. Eee.» Halafu tukainama, kitambaa chake cha kichwa kikagusana na changu, nikalowesha midomo tu kwa sababu ya mimba, naye akanywa kwa ajili yetu wawili, akanywa kwelikweli. Sitasema kwamba damu ilipata kusikia. Lakini kuanzia pale nyumba yetu ilikuwa nyumba nyingine.

Jumatano iliyofuata mama mukwe alinisindikiza kituoni kupimwa tansio. Kabla sijakaa, alisimama katikati ya mabenchi na kikapu chake. «Bamama, musikie. Huyu njo mukazana wangu. Haiko na ile ugonjwa munawaza. Iko na askari wengi ndani ya damu, njo bale banamusumbua.»

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akauliza: «Na bale askari, nani anabalipa?»

«Habalipwi,» akasema mama. «Njo maana banaiba chakula ya mutoto.»

Kituo kizima kilianguka kwa kicheko. Hata mufirmie alitoka kuona kuna nini. Nilisogezewa nafasi pande mbili za benchi, na yule wa upepo, Mungu ambariki, ndiye aliyeniuliza taratibu baadaye kama munganga huyo anapokea watu siku gani, kwa sababu dada yake alikuwa amepoteza mimba nne.

Kutoka hapo mama mukwe akawa ndiye mkubwa wa tumbo langu. Alivunja aspirini kwa kisu cha jikoni na kunipa kipande kila asubuhi baada ya uji, akisimama mbele yangu hadi nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo. Jirani alipokuja kuonya kwamba aspirini inatoa mimba, alimpa kiti, akampa chai, akamweleza habari za askari na uniforme kwa urefu hadi jirani akasema ameacha chungu jikoni. Chefu wa avenue alipokuja kuuliza kwa nini sionekani kwenye salongo, mama alitoka na jembe, akalima sehemu yangu ya mtaro na ya jirani, akamuuliza kama serikali imeridhika. Niliamriwa nilale ubavu wa kushoto. Nililala. Mimi, mtu wa kutotulia, nililala nikihesabu mateke, na kila teke nilimwita mama aje aweke mkono.

Mwezi wa tano ulipofika hatukuongea sana ndani ya nyumba. Wa sita vilevile. Bwana yangu aliacha kwaya kwa muda, akisema ana mafua. Niliogopa kwenda msalani. Niliogopa kupiga chafya. Mwezi wa saba uliingia, nikamsikia mama mukwe akiimba kwa Kimashi, lugha ya kwetu, akichambua sombe, na hakuwa mwimbaji, alikuwa anatisha kuku.

Katika mwezi wa nane tansio ilipanda, munganga akasema hangoji tena, mtoto atoke. Akatoka mchana, msichana, mdogo, mikono kama vijiti vya kushonea kikapu. Walimkausha, wakampigapiga miguu. Kisha akalia.

Tulirudi nyumbani naye alipokuwa amenona kidogo, na tangu alipovuka mlango alikuwa anapiga kelele. Siku ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, alianza. Bwana yangu akaruka kumbeba. Mama mukwe naye akaruka, wakagongana kwenye mlango wa chumba, kila mmoja akisema atamtuliza yeye.

«Mumuache,» nikasema.

«Iko analia,» akasema mama.

«Najua, maman. Wale watatu wa kwanza hawakulia. Mumuache kidogo.»

Wakarudi wakakaa. Hakuna aliyegusa chakula. Tulikaa pale watatu kuizunguka meza, tukamsikiliza mtoto wetu akilia, hadi bugali ikapoa.